Miko na Dawa: Mas-ala ya Mwenye Maradhi ya Sukari

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.) na jamaa zake na masahaba wake, ijulikane ya kwamba maradhi ya sukari si maradhi mapya, wala si maradhi yaliyoletwa na Wazungu kama wasemavyo baadhi ya watu barazani. Matabibu wa Kiislamu waliyajua zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika Qanun yake. Na Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, aliyatungia risala mahsusi. Lililo jipya ni wingi wake. Hesabu iliyotolewa mwaka 2025 na shirikisho la kimataifa linaloshughulikia maradhi haya ilikadiria watu wazima milioni 589 duniani walikuwa nayo mwaka 2024. Na katika miji ya pwani ni shida kuikuta baraza isiyokuwa na mtu mmoja anayekunywa chai kavu kwa amri ya tabibu.

Amma mas-ala yenyewe ni haya. Mtu ameambiwa na tabibu kuwa ana sukari. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze wali na mikate, aache halua na vinywaji vitamu. Akarudi nyumbani akala kama alivyokuwa akila. Vidonge akaviweka juu ya kabati. Na badala yake kila asubuhi huramba kijiko cha habba sauda katika asali, na jioni hunywa maji ya uwatu. Akiulizwa, hujibu kuwa yeye ametawakali, na kuwa dawa yake ni dawa ya Mtume. Je, huyu ni katika wenye kutawakali, au ni mtu aliyeihadaa nafsi yake? Na likimpata la kumpata, akapofuka au akakatwa mguu, ana lawama mbele ya Mola wake, au ni mgonjwa wa kuhurumiwa tu?

Hayawezi kujibiwa haya bila ya kuyajua maradhi yenyewe kwa uchache. Asili yake ni insulini, nayo ni kitu kinachotolewa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Kazi yake ni kuifungulia sukari mlango ili itoke katika damu iingie katika nyama za mwili, ziitumie kwa nguvu. Wako watu, aghalabu watoto na vijana, ambao insulini yao imekatika kabisa. Na wako wengine, nao ndio wengi mno, ambao insulini wanayo lakini mwili hauitii, kisha nayo hupungua mwaka baada ya mwaka. Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula, ikaonekana sukari ya damu yake ni miligramu 126 au zaidi katika desilita moja, ambayo kwa kipimo cha milimoli ni 7.0, na akipimwa mara ya pili ikawa vile vile, basi huyo anayo.

Na sukari hii haitoki katika bakuli la sukari peke yake. Wali, mkate, mhogo, ndizi, chapati, vitumbua, vyote vikishayeyuka tumboni hugeuka sukari. Kwa hivyo yule anayejisifu kwa kunywa chai kavu, kisha akala sahani mbili za wali wa nazi na mahamri manne, hajafanya miko yoyote. Amebadilisha mlango tu, mwizi ni yule yule.

Tena maradhi haya yana hila kubwa: hayaumi mwanzo wake. Jino likiuma mtu hutoka usiku wa manane kutafuta dawa. Sukari humla mtu macho, figo, mishipa ya fahamu na moyo kwa muda wa miaka, naye anacheka na wenzake. Maumivu humlazimisha mtu kujitunza apende asipende. Yasiyouma hayana cha kumlazimisha ila akili yake na dini yake. Hapa ndipo yanapotoka kuwa mambo ya utabibu yakawa mambo ya akhlaki.

Sasa na itazamwe khabari ya Bibi Ummul-Mundhir bint Qays, mwanamke wa Kiansari, iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwake pamoja na Sayyidna Ali (R.A.), naye Ali alikuwa ndiyo kwanza ainuke katika ugonjwa. Nyumbani mlikuwa na mashada ya tende yaliyotundikwa. Mtume akawa anakula, na Ali akainuka naye ale. Mtume akamzuia, akimkumbusha kuwa hajapata nguvu bado. Ali akaacha. Yule bibi akapika shayiri na mboga ya majani, na Mtume akamwelekeza Ali kuwa hicho ndicho kinachomfaa zaidi.

Mafakihi na matabibu wa Kiislamu wameitegemea hadithi hii katika mlango wa himya, nayo ndiyo ile Waswahili waliyoiita kushika miko. Na mna mambo ndani yake yanayofaa kukaliwa. Tende ni chakula cha baraka, na kufuturu kwa tende ni sunna. Juu ya hayo Ali alikatazwa. Basi hoja ya mwenye sukari anayekula tende kumi na tano kwa kuwa tende ni sunna imeanguka hapo hapo, kwani aliyekataza ni mwenye sunna mwenyewe. (Tende kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari tupu.) Tena Mtume alikuwa anakula zile zile alizomkataza mwenziwe, maana yake ni kuwa chakula kimoja, katika sinia moja, hufaa kwa mwili huu na hudhuru kwa mwili ule, wala kizuri cha jirani si hoja. Na Ali, pamoja na ushujaa wake, hakusema kuwa ajali imekwisha andikwa. Aliacha. Na la kupendeza zaidi ni kuwa hakuachwa na njaa: alipikiwa. Miko si kumnyima mgonjwa akakaa anatazama wenzake wakila. Ni kumpa badala iliyo njema, na mwenye nyumba ana sehemu yake katika jambo hilo.

Waswahili wa zamani walilijua hili. Mganga alipompa mtu dawa alimpa na miko yake, na dawa isiyokuwa na miko watu waliiona nusu. Ni ajabu basi kuwa wajukuu wao wanapokea dawa wakaitupa miko.

Na nguvu ya miko si ya kudharauliwa. Katika Uingereza, mwaka 2017, ilitolewa khabari ya uchunguzi juu ya watu waliokuwa na sukari kwa muda usiozidi miaka sita. Kundi moja la watu 149 liliwekwa katika miko mikali ya kupunguza uzito chini ya uangalizi wa matabibu. Baada ya mwaka mmoja, watu 46 katika kila mia walikuwa sukari yao imerudi katika mipaka ya afya bila ya dawa yoyote. Na katika kundi lililoendelea na matibabu ya kawaida walikuwa 4 tu katika mia. Haikupatikana bado mbegu wala gome la mti lililofanya mfano wa hayo. Na Mtume (S.A.W.) ameshaeleza, katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Miqdam bin Maadikarib, kuwa tumbo lina thuluthi ya chakula, thuluthi ya kinywaji na thuluthi ya pumzi. Matabibu wa leo wana mgao wao wa sahani: nusu iwe mboga za majani, robo iwe wali au ugali au mhogo, na robo iwe samaki, kuku, kunde au choroko. Mchicha na matembele, basi, ambayo watu huyaweka kando ya sinia kama pambo, hayo ndiyo yawe chakula, na wali uwe kitoweo.

Ama kutawakali, aliyeeleza akakata shauri ni Imam Ghazali katika Ihya. Amezigawa sababu za kuondosha madhara katika daraja tatu. Ya kwanza ni ya yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa; kuiacha hii si kutawakali hata kidogo, bali ni haramu pale panapoogopwa mauti. Ya pili ni ya dhana, kama kuumika na dawa za kawaida za matabibu. Kuitumia hii hakupingani na kutawakali. Ya tatu ni ya kuwazia tu, nayo sharti ya mwenye kutawakali ni kuiacha asiitegemee.

Mgao huu umewekwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, na bado ndio mizani. Ila vitu huhama kutoka daraja hadi daraja kwa kadiri elimu inavyozidi. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na sukari ya aina ile inayokata insulini alikuwa hana la kufanyiwa ila kupunguziwa chakula mpaka akabaki mifupa, kisha akafa. Mwaka 1921 Banting na Best, katika mji wa Toronto nchini Kanada, waliipata insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano. Aliishi miaka 13 zaidi. Basi kwa mgonjwa wa namna ile insulini imetoka katika daraja ya dhana ikaingia katika daraja ya maji na mkate. Mzazi anayemwachisha mtoto wake sindano kwa ajili ya unga wa mti, hata akiwa na nia njema kama bahari, amemnyima maji mwenye kiu. Na haijuzu kumwambia kuwa ametawakali.

Vidonge vya mtu mzima si sawa na hayo kwa ukali. Imam Nawawi ametaja kuwa kujitibu ni jambo la kupendekezwa, na madh-hab ya Shafii kwa jumla haikukufanya wajibu, kwa kuwa kupona si yakini. Ingawa imetajwa wajhi ya kuwa ni wajibu penye jeraha linaloogopwa kumuangamiza mtu. Lakini aachaye la kupendekezwa kwa kuridhika na majaaliwa ya Mola wake, huku akisubiri, ni mtu mmoja; na aachaye kwa kuwa hataki kuachana na halua ni mtu mwengine. Wa pili hakuacha sababu. Ameshika sababu kwa mikono miwili, ila ni sababu za kuugua.

Sasa ni habba sauda. Hadithi yake ni sahihi bila shaka, imo katika Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Abu Huraira, nayo inaitaja kuwa na shifaa ya kila maradhi ila mauti. Wala hapana Muislamu wa kuikanusha. Lakini kuifahamu ni kazi ya wanazuoni. Al-Khattabi, naye ni katika wakubwa wa Kishafii, amesema kuwa tamko ni la jumla na makusudio ni mahsusi, kwani hakuna mmea mmoja ulio na tabia zote za kukabili maradhi yote; na Ibn Hajar ameyanakili hayo katika Fat-hul-Bari. Akanakili pia kwa Abu Bakr Ibn al-Arabi kuwa asali, ambayo shifaa yake imetajwa ndani ya Qurani, kuna maradhi ambayo mwenye nayo akiinywa humdhuru. Hawa ni watu waliokufa kabla ya mashine za kupima damu, na walipatia. Maana asali, sehemu nne katika tano zake ni sukari. Yule anayeramba habba sauda katika asali ili apunguze sukari anazima moto kwa mafuta ya taa.

Majaribio ya siku hizi yameonyesha kuwa habba sauda, kiasi cha gramu 2 kwa siku, huweza kuteremsha sukari kidogo. Lakini watu waliojaribiwa ni wachache, na wengi wao walikuwa wakimeza na vidonge vyao. Uwatu nao una utando wake unaochelewesha sukari isiingie katika damu kwa ghafla, basi una faida yake ndogo. Mdalasini, majaribio yamekhitilafiana. Na uuzwao kwa wingi masokoni ni wa aina ya kasia, ambao ndani yake mna kumarini, kitu kinachoweza kuudhuru mwili katika ini mtu akiula kwa wingi kila siku. Karela, wachunguzi waliokusanya majaribio yake mwaka 2012 hawakuona ushahidi wa kutosha. Hivi vyote mtu akivila katika mchuzi wake hapana ubaya. Ubaya ni kuvipandisha cheo visivyokuwa nacho.

Wala haisemwi kuwa mti hauna dawa. Metfomini, kidonge kinachomezwa na wagonjwa wa sukari wengi kuliko kingine chochote, asili ya elimu yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Ilichukua miaka mingi kuchunguzwa dutu zake, zenye sumu zikaachwa, hata mwaka 1957 tabibu wa Kifaransa Jean Sterne akatangaza matumizi yake kwa wagonjwa. Tofauti ya kidonge na unga wa kwenye chupa si kuwa kimoja ni cha Mzungu na kimoja ni cha Muislamu. Kimoja kimepimwa, ikajulikana kiasi chake na madhara yake. Na cha pili anayekipima ni kijiko cha muuzaji.

Na kuna nyongeza iliyo ya haki. Mwenye kutumia metfomini miaka mingi huweza kupungukiwa na vitamini B12, akasikia ganzi na vidole kuwaka moto, akadhani ni sukari tu. Huyu apimwe, na akionekana amepungukiwa apewe. Hiyo ndiyo kanuni ya dawa za nyongeza zote: huongezwa kilichopungua, baada ya kujulikana kuwa kimepungua. Tena anayetumia majani au unga wowote amwambie tabibu wake, kwani dawa mbili zenye kuteremsha zikikutana huweza kuiteremsha sukari kupita kiasi, mtu akatoka jasho, akatetemeka, akaanguka.

Khatari kubwa kuliko hiyo ni unga uliotiwa dawa ya hospitali kwa siri. Katika Singapore, mwaka 2008, watu wapatao 150, ambao hawakuwa na sukari, walilazwa hospitalini kwa kushukiwa na sukari ya damu vibaya sana. Ikagundulikana kuwa vidonge vya nguvu za kiume walivyonunua kwa magendo vilikuwa vimetiwa glibenklamidi, dawa ya kisukari. Wanne walikufa. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inamfanya mwenye kujitia utabibu asiojulikana nao kuwa ni mwenye dhamana. Na mafakihi wamejenga juu yake kuwa aliyedhuru kwa ujinga wake hulipa. Wauzao chupa mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa, wakasema kuwa ndani yake mna dawa ya sukari, presha, bawasiri na hasadi kwa mara moja, na waulizwe wamejifunza wapi.

Imebaki karamu. Pwani ni nchi ya ukarimu, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini mgeni mwenye sukari, akiwa harusini au hitimani, akiinua mkono kabla ya wenzake huambiwa kidogo hakidhuru, na akikataa halua huonekana ametia dosari karamu ya watu. Hapo huona haya, akala. Yule anayemshurutisha hudhani amemkirimu. Hadithi ya thalathini na mbili katika Arubaini ya Nawawi imekataza kudhuru na kudhuriana, na haikumvua mwenye sinia. Bibi Ummul-Mundhir hakuona fedheha kuinuka kwenda jikoni kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Naye mgeni wake wa pili alikuwa Mtume.

Maskini ana khabari nyingine, wala haifai kumwekea sheria za mwenye duka. Anayeshinda kwa mhogo na chai ya mkandaa hawezi kuambiwa anunue kuku kila siku. Lakini kunde, dagaa na mboga za majani bado hazijatoka mikononi mwa wengi, na kutembea hakuuzwi: matabibu wanataka dakika 150 kwa wiki, na mwenye kwenda msikitini kwa miguu mara tano hufika bila kuhesabu. Na ilioje hekima ya udhu kwa mwenye sukari! Miguu yake huweza kufa ganzi akachomwa na msumari asijue; naye ameamrishwa kuiosha, na kupitisha vidole baina ya vidole. Basi aitazame na nyayo zake hapo hapo, na aifute ikauke.

Amma Ramadhani, ndipo wengi wanapoangamia kwa nia njema. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 juu ya wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 13 ulionyesha kuwa kushuka kwa sukari kwa kiasi cha kulazwa hospitali kulizidi mwezi wa kufunga mara 4.7 kwa wale wa insulini iliyokatika, na mara 7.5 kwa wale wengine. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa afungue, katika Suratul-Baqara aya ya 184 na 185. Na mafakihi wa Kishafii wamesema: akiogopa madhara yenye kuhalalisha tayammamu, ana ruhusa, akiogopa kuangamia, kufunga kwake ni haramu. Anayekataa ruhusa hiyo asidhani kuwa amezidi uchamungu.

Amwendee tabibu mwaminifu mwezi mmoja au miwili kabla, apangiwe dawa zake. Kutoboa kidole kwa ajili ya kupima hakufunguzi saumu. Na sindano isiyokuwa ya chakula, insulini ikiwa ni mojawapo, Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 liliamua kuwa haifunguzi. Ambaye ni mzima wakati wa alfajiri atie nia usiku kama watu. Kisha sukari ikishuka chini ya miligramu 70, au ikipanda juu ya 300, afungue saa ile ile, hata kama imebaki robo saa adhana ilie, na siku hiyo atailipa. Na ambaye hawezi kufunga kabisa na hakutarajiwi kupona kwake, hana kadha: hutoa kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, akapewa maskini mbichi mkononi mwake, wala hakigeuzwi kuwa karamu ya jamaa.